Fomu Isiyo na Kisanduku cha "Ila"

Uvumilivu wangu uliisha saa nne na nusu asubuhi, kwenye ukumbi wa mikutano Iringa, kabla hata chai haijaletwa. Mratibu wa mradi amesimama mbele, ukutani kuna mwanga wa projekta, na kwenye ule mwanga kuna fomu. Jina la mtoto wamelifunika kwa weusi, vizuri, siri ya mgonjwa. Lakini mwandiko hawakuufunika. Kituo: Ubaruku. Hali ya ngozi: Salama. Hiyo S ina mkia mrefu unaojikunja kama wa panya. Mtu mwenye S hiyo katika nchi hii ni mmoja tu, na alikuwa amekaa safu ya tatu.

"Kama mnavyoona," akasema mratibu, "Nyanda za Juu Kusini hatuna malalamiko ya ngozi. Wamama wa huku ni wavumilivu sana. Hebu tuwapigie makofi."

Watu wakapiga makofi, pamoja na wazazi walioalikwa na watoto wao. Mimi nikasimama.

"Hiyo fomu ni ya uongo," nikasema. "Na aliyeiandika ni mimi."

"Dada, maswali tutachukua mwishoni."

"Sijauliza swali."

Nitarudi hapo. Kwanza niwaambie nyie mtakaovaa ile beji ya bluu ya mwelimishaji rika baada yangu kilichotokea tangu mwanzo, ili msifanye ujinga nilioufanya.

Nimestaafu nikiwa na miaka ishirini na saba. Najua kustaafu ni neno la watu wenye mvi, lakini mgongo wangu unakubaliana nalo. Kwa miaka minne nilikuwa mwelimishaji rika kwenye kliniki ya watoto wenye kisukari, Mbeya, na mara moja kwa mwezi nilikwenda Iringa kusaidia kliniki ya kule. Vyeo sitavisema, havikuwepo. Elimu yangu ni kidato cha nne, na baiolojia nilipata D. Kazi nilipewa kwa sababu moja tu: mtoto wangu mwenyewe anaumwa.

Atupele aliugua akiwa na miaka minne. Mwaka mzima nilimtoboa vidole mara sita, mara saba kwa siku, mpaka akawa akiniona nafungua pochi ya vipimo anakunja ngumi na kuificha kwapani. Halafu mradi ukaleta vile vidude. Kidude chenyewe ni cha duara, ukubwa wa kifuniko cha soda, unakibandika nyuma ya mkono wa juu. Chini yake kuna kiuzi chembamba kinachoingia kwenye ngozi na kusoma sukari, na wewe unasogeza simu tu unaona namba. Kinakaa siku kumi na nne. Siku ya kwanza nilimpima Atupele akiwa anakula ndizi, wala hakuacha kutafuna. Nililia. Sioni aibu kusema.

Kwenye kitabu chake kinaitwa sensa. Na sisi tulikiita hivyo hivyo mpaka siku tuliyokwenda Ubaruku kumtembelea mtoto, bibi yake akatupokea mlangoni kabla hatujakaa: "Tuko saba, na mmoja yuko Dar." Alidhani tumekuja kuhesabu watu. Tangu hapo tukasema kifungo, kwa kuwa kinafanana na kifungo cha koti. Kumbe nalo halikufaa. Baba mmoja wa Uyole akamwangalia mwanawe akasema, "Pole mwanangu. Siku kumi na nne, na dhamana hakuna." Jina likabaki.

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu nilivyoolewa navyo. Sista Anyisile, muuguzi niliyepangwa naye, akaniangalia miguuni.

"Unaolewa tena leo?"

"Hapana, sista."

"Basi kesho njoo na ndala. Hapa tunasimama."

Huyu mama ndiye aliyenifundisha kila kitu ninachokijua, na hakuwahi kunisifia hata mara moja. Asubuhi ile aliingia mama kutoka Igawilo na mtoto wa kiume ndani ya sweta mbili, maana ilikuwa Julai, na Julai ya Mbeya mnaijua. Nikataka kuonekana mchangamfu.

"Habari za mtoto?"

"Nzuri tu, salama."

Nikashika kalamu niandike. Sista akaniwekea mkono juu ya daftari. "Salamu zimeishia mlangoni," akamwambia yule mama. "Hapa vua sweta."

Sweta zikavuliwa, na chini yake mkono umevimba duara, ngozi inabanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Mama mwenyewe akainama kutazama, akasema kwa sauti ya kuomba radhi, "Ila hapo ndo panamsumbua kidogo."

Kidogo!

Walipotoka, Sista akanawa mikono akasema: "Wewe ni Mnyakyusa wa hapa hapa, unataka nikufundishe salamu? Mtu wa huku kafiwa, ukimuuliza habari atasema nzuri. Nzuri, ila baba amefariki. Habari yenyewe iko nyuma ya ila. Usiandike kitu mpaka uisikie ila, na usiiamini mpaka uone mkono."

Hayo maneno niliyaandika nyuma ya jalada la daftari. Kuyaandika sikushindwa.

Vifaa vyake vilienea kwenye kikapu kimoja. Tochi. Kioo kidogo, ili mama aone nyuma ya mkono wa mwanawe akiwa amempakata. Pamba za spiriti. Mafuta ya alizeti kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. Na daftari ambalo kila mtoto amechorewa mikono miwili, kila kifungo kikibandikwa tunaweka nukta, ili kinachofuata kisikae palepale. Hakuna la ajabu hapo, lakini nimeona watu wenye kompyuta wasioweza kukuambia kifungo cha mwezi uliopita kilikaa mkono gani.

Makosa ya kubandika ni yale yale, mtayaona mpaka mchoke. La kwanza ni kupuliza. Unapaka spiriti, mama anainama anapuliza kama anapoza uji. Mate yanaruka, na spiriti iliyobaki inafungiwa chini ya gundi, na ngozi inaungua humo kwa wiki mbili. Acha ikauke yenyewe. Sista alikuwa anawaambia watoto wataje majina ya ukoo wote kuanzia bibi. Wakimaliza, ngozi imekauka. Kosa la pili ni mafuta ya mgando. Baridi ya huku inapasua ngozi, na mama anayempenda mwanawe humpaka mpaka ang'ae, halafu anashangaa kifungo kimebaki kwenye mkono wa sweta. Siku ya kubandika, osha kwa sabuni isiyo na manukato, kausha, na mafuta yasifike hapo. Paka kwingine kote mpaka ashindwe kushikika, hiari yako.

Kubandua ndiko kunakoharibu zaidi. Watu wanang'oa. Jamani, si unyoya wa kuku. Paka mafuta ya alizeti pembezoni, subiri, halafu usivute plasta kwenda juu. Bonyeza ngozi kwenda chini huku plasta ikikunjwa taratibu. Ukimaliza osha mafuta yote, na kinachofuata kiende mkono mwingine.

Kuna jambo moja limenikera miaka yote minne, na sasa nalisema kwa kuwa hamna wa kunifukuza. Karatasi za maelekezo zinasema, "Angalia wekundu." Wekundu gani? Mtoto wangu ni mweusi kama mimi. Ngozi yetu ikichokozwa haiwi nyekundu, inakuwa nyeusi zaidi, au zambarau, inang'aa, inapanda juu kidogo, na ukiweka mgongo wa kiganja unasikia joto. Wamama walikuwa wanasoma ile karatasi, wanatafuta wekundu, hawauoni, wanashukuru Mungu. Tochi iwe ya kulalia pembeni, si ya kumulika usoni. Hapo vipele vinatupa kivuli na unaviona.

Na Sista alinifundisha kutenganisha ngozi iliyokasirika na ngozi iliyokataa. Iliyokasirika ukiipumzisha na kuhamia mkono mwingine, siku mbili tatu inatulia. Iliyokataa inachora umbo lilelile la plasta, halafu inavuka mpaka. Inatoa malengelenge, inatoa maji, na kila ukirudisha kifungo inaanza mapema kuliko mara iliyopita. Hiyo si ya kwangu wala ya kwako, ni ya daktari. Mtoto anarudi kwenye kutobolewa vidole wakati anatibiwa, asikae bila kipimo hata siku moja, na plasta ya aina ileile hairudi mwilini mwake kwa sababu tu ndiyo iliyopo stoo.

Kesi ngumu zilikuwepo. Babu mmoja Ubaruku aliona kifungo cha mjukuu kinalegea kwa jasho, akachukua solusheni ya kuzibia tairi za baiskeli, akazungushia. Kilishika, siwezi kumnyima hilo. Tulikitoa kwa saa nzima na mafuta, mtoto anaimba, babu analia. Mwingine, mama wa Mwanjelwa anayeuza mitumba, alinunua tyubu ya krimu kwa jirani wa meza, ile inayouzwa kwa kung'arisha uso, akampaka mwanawe miezi mitatu bila kumwambia mtu. Vipele viliisha kweli. Lakini ngozi ikawa nyembamba kama ya kitunguu, na siku ya kubandua ikatoka na gundi. "Mbona hukusema?" nikamuuliza. "Hukuniuliza nampaka nini," akanijibu. "Uliniuliza habari."

Ningekuwa na akili ningeshtuka siku ile.

Mwaka wangu wa tatu Sista Anyisile alistaafu, kustaafu kwenyewe, na saa ya ukutani na kitenge. Aliniachia kikapu. Tochi aliipima kwanza kama inawaka, halafu akanipa bila hotuba.

Baada yake mradi ukaleta simu na fomu. Badala ya kuwaita wamama kliniki kila baada ya vifungo viwili, nikawa nawapigia. Fomu ilikuwa ya karatasi moja, nzuri, yenye visanduku. Hali ya ngozi: Salama, au Si salama. Ukiandika Si salama, kuna kurasa nne nyingine za kujaza, na maswali ya wekundu. Ukiandika Salama umemaliza, unapiga kwa anayefuata. Sisemi ndiyo sababu. Nasema mlijue.

Rehema ana miaka tisa. Ndiye pekee aliyekuwa na kifungo Ubaruku wakati huo. Mama yake anafanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga, na Rehema akitoka shule anamfuata hukohuko. Joto, jasho, na lile vumbi la pumba linaloingia kila mahali. Nilimpigia mama yake siku ya Alhamisi, nyuma yake mashine inanguruma.

"Habari za Rehema?"

"Nzuri tu dada yangu. Salama."

Nikaandika Salama. S yangu na mkia wake.

"Ila mkono, dada, una—"

"Mama Rehema, nina watu kumi na tisa sijawapigia. Ukizidi kumsumbua mlete kliniki, sawa?"

"Haya dada. Asante."

Aliniambia asante.

Baada ya hapo Rehema alivaa vifungo viwili vingine, kwa sababu mama yake aliamini nimesikia na nimeona ni jambo la kawaida. Hicho cha mwisho mama akakitoa mwenyewe, maji yanachuruzika hadi kwenye kiwiko. Vipimo vya vidole vilikuwa vimekwisha, na alisubiri nimpigie. Sikumpigia, simu zilinilemea na zamu ya Ubaruku ikachelewa. Kwenye kompyuta ya mradi, mtoto ambaye namba zake hazionekani kwa mwezi mmoja anaandikwa "Ameacha kwa hiari", na kifungo chake anapewa mwingine kwenye orodha. Hakuna mtu aliyebonyeza kitu. Kompyuta ilijiandikia.

Wiki ya sita tangu kifungo kitolewe, Rehema alianguka shuleni, mstarini asubuhi, sukari imeshuka. Mwalimu alidhani anasinzia, akamwita jina mara mbili kabla ya kumfuata. Alipasua mdomo kwenye kokoto. Walimpa soda akazinduka, zahanati wakamshona, na mama yake akampandisha gari mpaka Mbeya, kliniki, kwangu.

Alikuwa amevaa sweta la kuazima, maana Ubaruku ni kwa joto, watu wake hawana sweta. Sikuuliza habari. Nikamvua. Nyuma ya mkono wa kulia duara mbili, wa kushoto duara moja, nyeusi, zenye ukingo uliochoreka wazi kama muhuri, na moja bado mbichi. Ngozi iliyokataa. Hata mwenye D ya baiolojia angeijua kwa kuiona mara moja.

"Mama Rehema, kwa nini hukuniambia?"

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alinitazama kama mtu anayemkumbusha mwenzake alikoweka ufunguo.

"Nilikwambia, dada. Nilisema ila."

Rehema akafungua mdomo ulioshonwa akaniuliza, "Nitarudishiwa kifungo changu?" Nikamwambia ndiyo. Kisha nikaenda kwenye kompyuta nikaona hayumo.

Sasa mnaelewa nilikuwa nafanya nini Iringa. Nilikwenda na picha za mikono ya Rehema, nimepanga kuongea kwa heshima wakati wa mapumziko, kuomba jina lirudishwe. Na kitu cha kwanza kuwekwa ukutani, mfano wa kazi nzuri, ni fomu ya Rehema.

Niliposema sijauliza swali, mratibu alitabasamu. Si mtu mbaya, niseme ukweli. Ni mtu wa ofisini.

"Dada yangu, tutalichukua kama maoni."

"Si maoni. Huyo mtoto mnayempigia makofi ana vidonda vitatu na mdomo una nyuzi nne. Wamama wa huku si wavumilivu, wana adabu. Wanawasalimia, nyie mnaandika salamu!"

Mama mmoja wa Kilolo, tuliyekuwa tunakutana naye kila mwezi kliniki ya Iringa, akasema polepole bila kusimama, "Hata wa kwangu niliambiwa ameacha kwa hiari. Hiari gani, mkono ulikuwa unanuka." Kisha mwingine nyuma yake akaanza kumvua mwanawe sweta.

Mratibu akafunga kompyuta. "Jamani, kuna utaratibu. Malalamiko yanaandikwa. Mpaka leo sina barua hata moja mezani."

Hapo alikuwa na haki, na ndicho kilichoniuma. Nikavua beji, nikaiweka karibu na chupa yake ya maji, nikatoka kabla ya chai. Kwenye basi la kurudi Mbeya sikufikiria chochote. Nilikuwa nimechoka ule uchovu wa mtu aliyefua siku nzima halafu kamba ikakatika.

Jumatatu nilikwenda ofisi ya mradi na barua, nakala mbili. Dada wa masjala aliinua uso.

"Karibu mama Atu. Za asubuhi?"

Ulimi ulishafika kwenye meno. Nikaurudisha.

"Mbaya," nikasema. "Nimeleta malalamiko. Naomba unigongee muhuri nakala yangu."

Akacheka, halafu akaacha kucheka, akagonga. Barua ni hii, sijapunguza neno.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MTOTO REHEMA WA UBARUKU NA FOMU YA HALI YA NGOZI

Mimi ni aliyekuwa mwelimishaji rika wa kliniki ya watoto, Mbeya. Nalalamika juu ya fomu yenu, na nalalamika juu yangu mwenyewe niliyeijaza.

Fomu ya Ubaruku mliyoionyesha Iringa imeandikwa Salama. Nilikata simu kabla mama hajamaliza kusema. Mtoto alikuwa na vidonda vya gundi mikono yote miwili. Mama alitoa kifaa kwa sababu ya vidonda hivyo, na nyie mkaandika ameacha kwa hiari. Hakuacha. Naomba neno hilo lifutwe, kwake na kwa mtoto mwingine yeyote aliyeandikwa hivyo bila mkono wake kuangaliwa.

Naomba Rehema aonwe na daktari wa ngozi, apewe vipimo vya vidole leo na si mwezi ujao, na jina lake lirudishwe kwenye orodha. Ngozi ikipona apewe kifaa chenye plasta ya aina nyingine, au kinga ya kuweka chini ya plasta, kadiri daktari atakavyosema. Nilimwahidi mtoto kwa mdomo wangu, na sasa naidai ahadi hiyo kwenu.

Naomba fomu ibadilishwe. Asijaze mtu kwa simu. Neno wekundu litolewe, libadilishwe na weusi uliozidi, joto, uvimbe na maji. Na baada ya neno Salama ziwekwe nafasi za mistari mitatu, na juu yake liandikwe neno moja tu: Ila.

Kikapu cha vifaa nimekiacha kliniki, tochi ina betri mpya. Atakayekuja baada yangu akitaka kuelekezwa, nitakuja bila beji.

Nasahihisha fomu yangu kama ifuatavyo. Kituo: Ubaruku. Jina: Rehema. Hali ya ngozi: Si salama. Mnaweza kulinganisha mwandiko, S ni ileile.